Unyanyasaji wa wazee: jinsi ya kuutambua, kuuzuia na kupata msaada ukiwa katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda

Siku ya kupokea pesa za chakula, simama kidogo pembeni ya foleni uangalie. Utamwona bibi wa miaka sabini na kitu amekuja na mjukuu wake. Bibi anaweka kidole kwenye mashine, jina linatokea, pesa zinahesabiwa. Kabla hajazifunga kwenye ncha ya kitenge, mjukuu ameshazipokea. Pengine wataenda pamoja dukani, wanunue unga na mafuta, na kila kitu kiko sawa. Pengine bibi atarudi nyumbani mikono mitupu, na wiki mbili zinazofuata atakula kwa jirani. Ukiwa kwenye foleni huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Majirani wanajua.

Makala hii inaeleza unyanyasaji wa wazee ni nini, unatokeaje katika makazi kama Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja na Kyaka II, na unaweza kufanya nini ukiwa mzee, mwanafamilia, jirani au kiongozi. Imeandikwa kwa ajili ya wakimbizi na pia kwa jamii wenyeji, kwa sababu shida hii iko pande zote mbili za barabara.

Unyanyasaji wa wazee ni nini?

Shirika la Afya Duniani, WHO, linauelezea kama tendo la mara moja au la kurudiwa, au kushindwa kutenda inavyopaswa, ndani ya uhusiano ambao mzee alitegemea kuaminiana, na ambalo linamletea madhara au uchungu. Maneno mawili hapo yanastahili kukaziwa. La kwanza ni kushindwa kutenda: mtu anaweza kumnyanyasa mzee bila kumgusa, kwa kumwacha tu bila maji siku nzima. La pili ni kuaminiana. Mwizi wa barabarani akimpora mzee simu, huo ni uhalifu, lakini tunapozungumzia unyanyasaji wa wazee kwa kawaida mhusika si mgeni. Ni mtoto, mkwe, mjukuu, mume, mke, jirani aliyekabidhiwa kumwangalia, na wakati mwingine mfanyakazi anayelipwa kumhudumia.

Katika shughuli nyingi za Umoja wa Mataifa, mzee ni mtu wa miaka 60 na zaidi. Lakini maisha ya kukimbia vita huzeesha mapema. Mama wa miaka 54 aliyetembea kutoka Masisi hadi mpakani akiwa na goti bovu anaweza kuwa na mahitaji yale yale, kwa hiyo usimkatalie mtu msaada kwa kuhesabu miaka tu.

WHO inakadiria kwamba duniani kote, mtu 1 kati ya kila 6 wenye miaka 60 na zaidi alikumbwa na aina fulani ya unyanyasaji katika mwaka mmoja. Inakadiria pia kwamba ni tukio 1 tu kati ya 24 linaloripotiwa. Yale tunayoyasikia ofisini ni kidogo mno ukilinganisha na yale yanayotokea nyumbani.

Kupiga, kusukuma, kufunga mtu ndani na kumburuta kila mtu anakutambua kuwa ni ukatili. Ukatili wa kingono dhidi ya bibi wazee upo pia, ingawa watu hawapendi kuutaja, na wengine hata hawaamini kwamba unawezekana. Kinachopita bila kutambuliwa ni maneno. Kumsimanga mzee kila anapopewa sahani ya chakula, kumwambia mbele ya watoto kwamba amechelewa kufa, kumsemesha kama mtoto mchanga, kukaa siku tatu bila kumsalimia. Halafu kuna kutelekeza: mzee asiyeweza kutembea haogeshwi, habadilishiwi nguo, hapelekwi kliniki kuchukua dawa za presha au sukari. Na kuna unyonyaji wa mali, ambao katika makazi yetu ndio unaoleta malalamiko ya mara kwa mara. Tuanze na huo.

Pesa, chakula na karatasi ya familia

Msaada wa chakula nchini Uganda umepungua hatua kwa hatua tangu mwaka 2020. Mwaka 2023 kaya ziligawanywa katika makundi kulingana na uhitaji, na mwaka 2025 WFP iliwaondoa wakimbizi wapatao milioni moja kwenye orodha kwa sababu ya upungufu wa fedha. Kaya zilizohesabiwa kuwa na uhitaji mkubwa zaidi, zikiwemo zenye wazee wasio na wa kuwasaidia, zilipewa kipaumbele. Kwa hiyo katika nyumba nyingine, zile shilingi za koko zimekuwa ndizo pesa pekee zinazoingia kwa uhakika. Hilo linampa mzee thamani, lakini linamtia pia hatarini.

Kugawana si kosa. Wazee wengi wanataka pesa zao zilishe wajukuu, na wangeona aibu kula peke yao. Jinsi ya kutofautisha kugawana na kunyang'anya ni kuuliza mambo matatu: je, mzee anajua ni kiasi gani kiliingia? Alikuwa na sauti katika kuamua kitumikeje? Na je, yeye mwenyewe anakula na kupata dawa? Jibu likiwa hapana kwa yote matatu, hapo hakuna kugawana, hata kama anayechukua ni mtoto wake wa kumzaa.

Mzee asiyeweza kufika kwenye kituo cha mgao anaweza kumteua mtu wa kupokea kwa niaba yake. Uteuzi huo hufanywa mbele ya wafanyakazi wa shirika linalogawa, si kwa makubaliano ya mdomo barabarani. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba uteuzi huo unaweza kubadilishwa. Ikiwa aliyeteuliwa anachelewesha, anakata sehemu yake au hasemi amepokea kiasi gani, mzee anaweza kwenda kwenye dawati la malalamiko, au kumtuma mtu anayemwamini, kuomba mwingine aandikishwe. Kupokea kwa niaba ya mtu ni kazi ya kubeba tu. Hakumpi mbebaji haki ya kutumia.

Namba ya siri ya kadi au ya simu ni ya mzee. Tunaelewa kwamba wengine hawasomi na macho yamefifia, ndiyo maana wanaisema kwa sauti mbele ya wakala na foleni nzima inasikia. Ikibidi ajulishwe mtu mwingine, awe mmoja tu, na asiwe yule yule anayeshika kadi. Wala usikubali kadi ya mzee iachwe dukani kama rehani ya deni la sukari. Mwenye duka anayeshika kadi ndiye anayeamua deni linaisha lini.

Karatasi ya familia nayo ni silaha ikishikwa na mtu mbaya. Mzee aliyeandikishwa chini ya jina la mkwe wake anaweza kutishiwa kila siku kwamba atafutwa. Mkwe hana uwezo huo. Kutenganisha au kuunganisha kaya ni uamuzi wa OPM, yaani Ofisi ya Waziri Mkuu, pamoja na UNHCR, na mzee anayeishi kwa vitisho ana haki ya kuomba jambo lake lisikilizwe peke yake, pasipo mkuu wa kaya kuwepo chumbani. Ndivyo ilivyo pia kwa kiwanja. Ardhi ya makazi hutolewa kwa mkimbizi ili aitumie, na mkimbizi haruhusiwi kuiuza. Kijana anayekodisha shamba la babu yake na kuweka pesa mfukoni, au anayemhamishia babu kwenye kibanda cha jikoni ili aoe mke katika nyumba kubwa, hawezi kusema kwamba ni urithi wake. Babu bado yu hai.

Kusahau si uchawi

Hapa inabidi tukae kidogo, kwa sababu watu wamekufa kwa jambo hili.

Katika uzee, baadhi ya watu hupata ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu na uelewa. Wataalamu huuita dimensha. WHO inasema zaidi ya watu milioni 55 duniani wanaishi nao. Mgonjwa anaweza kuamka usiku wa manane akatoka nje na kuzunguka. Anaweza kuongea peke yake, kumwita mjukuu kwa jina la ndugu aliyekufa zamani, kuvua nguo mahali pasipofaa, kumshutumu mkwe kwamba amemwibia sufuria ambayo yeye mwenyewe aliificha. Macho mekundu ya kupikia moshi wa kuni miaka hamsini yanaongezewa hapo. Halafu mtoto wa jirani anaugua malaria, na mtu anakumbuka kwamba alimwona bibi yule nje saa tisa usiku.

Mwaka 2021, huko Kivu Kusini, wanawake kadhaa wenye umri mkubwa waliotuhumiwa uchawi waliuawa na watu wenye hasira, baadhi yao baada ya kutajwa na watabiri. Wapo waliokimbilia Uganda wakiwa na hofu hiyo hiyo, na wapo waliokuja na tuhuma hizo hizo. Tuhuma huvuka mpaka bila kibali.

Mwaka huo huo wa 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kupinga madhara yanayotokana na tuhuma za uchawi. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu Haki za Wazee, iliyopitishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika Novemba 2024, inazitaka nchi zilizoiridhia zikomeshe mila zinazowadhuru wazee, na tuhuma za uchawi zimetajwa humo. Lakini azimio la Geneva halimfikii mtu saa tatu usiku watu wanapokusanyika nje ya mlango wa bibi. Anayemfikia ni jirani wa nyumba ya pili, mchungaji, imamu, mwenyekiti wa kijiji. Ukiwa mmoja wao, neno lako la kwanza lina uzito. Sema kwamba mama huyu ni mgonjwa na kesho atapelekwa kituo cha afya. Usiitishe kikao cha kumhoji. Kikao cha kumhoji mtu kama yeye ni mchawi, hata kikimalizika kwa kumwondolea lawama, kimeshampa jina. Kama kuna vitisho vya kumchoma au kumpiga, piga polisi mara moja na umtoe mzee pale kabla ya giza.

Familia yenye mgonjwa wa namna hii isibishane naye. Akisema anataka kwenda nyumbani Bukavu, mwulize habari za Bukavu, kisha mrudishe ndani taratibu. Funga kamba yenye kopo mlangoni ili ilie akitoka usiku. Waambie majirani mapema, kwa maneno ya wazi, kwamba ana ugonjwa wa kusahau. Wanaofichwa ndani kwa aibu ndio wanaosemwa vibaya zaidi siku wakionekana.

Anayemtunza naye anachoka

Si kila anayemkaripia mzee ni mtu katili. Fikiria binti wa miaka 17 aliyeacha shule ili amtunze bibi aliyepooza upande mmoja. Anachota maji, anatafuta kuni, anaosha mashuka, anamgeuza bibi kitandani, na usiku halali. Siku moja anampiga kofi, kisha analia. Tendo ni lile lile na lazima likome. Dawa yake, hata hivyo, haifanani na ya mtu anayempiga mama yake ili ampe pesa za pombe. Binti huyu anahitaji mtu wa kushika zamu: jirani mmoja akae na bibi Jumatano mchana, kikundi cha kanisa kilete maji mara mbili kwa wiki, mhudumu wa afya wa kijiji amfundishe kumgeuza mgonjwa bila kujiumiza mgongo. Binafsi naona msaada wa aina hii ndio unaozuia unyanyasaji mwingi kuliko mabango yote tunayobandika, na haugharimu chochote isipokuwa muda.

Kinyume chake hutokea pia. Wazee wengi katika makazi ndio wanaotunza: bibi mmoja na wajukuu watano ambao wazazi wao walikufa au walibaki Kongo. Kumwachia mama wa miaka 72 watoto wadogo bila kumletea hata sabuni, wakati wewe uko mjini Kampala na una kipato, ni kumtelekeza.

Kwa nini hawasemi

Ukimwuliza mzee kama ananyanyaswa, mara nyingi atakataa. Anajua kwamba ukishaondoka atalala kwenye nyumba ile ile. Anaogopa mtoto wake kufungwa jela, kwa sababu ni mtoto wake. Anaona aibu: amemlea vipi mtu anayempiga? Wengine wanahofia kwamba kesi itaharibu faili la familia na nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Kuripoti unyanyasaji hakumnyimi mtu hifadhi wala msaada, na mtu yeyote anayekutishia kwa hilo anakudanganya.

Ndiyo maana usimwulize mbele ya watu. Mtafute akiwa peke yake, kaa chini kimo chake, uliza mambo madogo: jana ulikula nini? Nani anakupikia? Pesa za mwezi uliopita zilitosha? Kuna mtu anayekutia hofu humu ndani? Kama hasikii vizuri, usipige kelele hadi kijiji kizima kisikie. Sogea upande wa sikio zuri. Na angalia pia, si kusikiliza tu. Michubuko ya rangi tofauti kwenye mikono ya juu, vidonda vya mgongoni na nyongani kwa mtu anayelala muda wote, mwili unaokonda wakati wengine nyumbani wananawiri, harufu ya mkojo ya siku nyingi, mzee anayenyamaza ghafla mtu fulani akiingia. Dalili moja haithibitishi kitu, maana wazee huanguka na ngozi yao huchubuka upesi. Dalili tatu pamoja zinatosha kuomba msaada.

Ukiona au ukishuku, fanya hivi

Kama maisha yako hatarini sasa hivi, piga polisi namba 999 au 112, au nenda kituo cha polisi kilicho karibu.

Kama kuna jeraha, tangulia kituo cha afya. Kama ni ubakaji, kila saa ina maana: dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Nguo alizovaa zihifadhiwe bila kufuliwa. Matibabu hayapaswi kungoja karatasi ya polisi, na umri wa bibi si sababu ya kumrudisha nyumbani bila kumpima.

Kwa mambo mengine, piga simu ya bure ya malalamiko ya wakimbizi, 0800 323232. Unaweza kuzungumza Kiswahili. Jirani anaweza kupiga kwa niaba ya mzee, na anaweza kuomba jina lake lisitajwe. Ukipendelea kuongea uso kwa uso, nenda kwenye dawati la ulinzi la UNHCR au la shirika mshirika katika eneo lako, ofisi ya OPM, au mhudumu wa afya wa kijiji. Watoto wanaoishi na mzee wakidhuriwa pia, kuna simu ya watoto ya bure, 116.

Kuhusu viongozi wa RWC, tuseme wazi. Wanafaa sana katika ugomvi wa maneno, zamu za kumtunza mzee na kurudisha kadi iliyochukuliwa. Wanaijua familia na wanaheshimiwa. Lakini wao si mahakama, na kipigo, ubakaji au tishio la kuua havipatanishwi chini ya mwembe. Faini ya mbuzi na kreti ya soda, ambayo mara nyingine huliwa na waamuzi, haimhakikishii mama huyo usalama usiku huo.

Sheria iko upande wa mzee. Sheria ya Uganda ya mwaka 2010 kuhusu ukatili wa majumbani inahusu ukatili wa mwili, wa kingono, wa kihisia na wa kiuchumi, na haiwahusu wanandoa pekee. Inawagusa pia ndugu na jamaa. Mahakama inaweza kutoa amri ya kumzuia mnyanyasaji asimkaribie mzee. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufika mahakamani kama wengine.

Kwa jamii wenyeji

Mzee raia wa Uganda anaanzia kwa mwenyekiti wa LC1 au ofisa wa maendeleo ya jamii wa kata ndogo. Mahakama ya LC inaweza kusikiliza malalamiko ya ukatili wa nyumbani. Raia wenye miaka 80 na zaidi wana haki ya ruzuku ya serikali ya SAGE, shilingi 25,000 kwa mwezi. Wakimbizi hawamo katika mpango huo. Udanganyifu wake unafanana na ule wa foleni zetu: kijana anamsindikiza babu kupokea na kumpa robo. Wapo pia wanaokosa kabisa kwa sababu kitambulisho cha taifa kimeandikwa mwaka wa kuzaliwa usio sahihi. Kwa mjane anayefukuzwa na ndugu za marehemu, Sheria ya Urithi iliyorekebishwa mwaka 2022 inalinda haki yake ya kubaki katika nyumba ya familia.

Baada ya kuripoti

Omba namba ya kesi na uiandike mahali ambapo mnyanyasaji hataiona, au mwachie jirani. Mfanyakazi wa ulinzi atataka kuongea na mzee faraghani na kumwuliza anataka nini. Wengi hawataki kuondoka nyumbani. Wanataka kipigo kikome, kadi irudi na mtoto aache pombe, na mpango wa usalama unapaswa kuanzia hapo: nani atapita kila asubuhi, mzee alale wapi siku mtoto akirudi amelewa, kadi ishikwe na nani. Mambo huenda polepole kuliko tunavyopenda, kwa sababu wafanyakazi wa ulinzi ni wachache na maeneo ni makubwa. Ukiona wiki imepita bila mtu kufika, piga tena simu ile ile, taja namba ya kesi, na useme kama hali imebadilika. Kama mwenye kadi ya mzee bado hajairudisha na siku ya mgao imekaribia, sema hivyo kabla ya siku hiyo, ili dawati la mgao lijue nani hasa anapaswa kupokea.